Golf GTI ya kwanza au Peugeot 205 GTI: ningechukua ipi, na kwa nini

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Fundi, nimeweka akiba miaka minne ninunue gari moja la zamani la kufurahia mwisho wa wiki. Nimechuja hadi yakabaki mawili: Volkswagen Golf GTI ya toleo la kwanza na Peugeot 205 GTI 1.9. Vifaa ninavyo, na kazi ndogondogo nitazifanya mwenyewe. Marafiki wananiambia Peugeot ni kali zaidi lakini itanitupa mtaroni wiki ya kwanza. Ni kweli? Na ungekuwa wewe, ungechukua ipi?"

Ndugu yangu, jibu nakupa mapema: ningechukua Peugeot. Ila si hiyo 1.9 uliyoitaja. Ningetafuta 205 GTI 1.6 (namba hizo ni ukubwa wa injini kwa lita) ya nguvu za farasi 115, na ningeisubiri hata mwaka mzima mpaka nipate nzuri. Golf naipenda sana. Nimelala chini yake saa nyingi kuliko gari lingine lolote la rika lake, na iko hali moja ambayo ukiikuta nitakuambia uichukue yenyewe bila kusita. Nitaifikia.

Watu huyalinganisha magari haya kana kwamba yalizaliwa siku moja. Golf GTI ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonesho ya magari ya Frankfurt, Ujerumani, Septemba 1975, ikaanza kuuzwa 1976. 205 GTI ilitoka 1984. Ni miaka minane hiyo, na Wafaransa walikuwa na Golf mbele ya macho yao muda wote huo. Mwaka ambao 205 GTI iliingia sokoni, Volkswagen walikuwa wameshahamia GTI ya toleo la pili, kubwa na nzito zaidi. Kwa hiyo mpinzani wa 205 pale dukani alikuwa Golf ya pili. Lakini ukitazama umbo na uzito, ndugu yake hasa ni Golf ya kwanza, ndiyo maana swali lako limenifurahisha.

Golf yenyewe ilianza kama kazi ya pembeni. Kundi dogo la wafanyakazi wa Volkswagen, akiwemo mhandisi wa majaribio Alfons Löwenberg, lilitaka kutengeneza Golf ya michezo wakati kampuni haikuwa na mpango huo. Wakubwa waliporidhia, hesabu ilikuwa magari 5,000 tu, idadi iliyotakiwa ili gari likubaliwe mashindanoni. Toleo hilo la kwanza peke yake likaishia kupita 450,000. Bodi ilichorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro. Vile viti vya kitambaa cha miraba na kichwa cha giya chenye umbo la mpira wa gofu ni kazi ya Gunhild Liljequist, mbunifu wa rangi na vitambaa. Injini ni ya cc 1588, farasi 110 kwenye mizunguko 6,100 kwa dakika, ndani ya gari la kilo mia nane na ushei. Mwendo wa juu ulikuwa kilomita 182 kwa saa. Miaka ile kulikuwa na magari makubwa ya bei kubwa ambayo yasingeweza kuifuata. Mwaka 1982 ikapata injini ya cc 1781. Farasi zilipanda mbili tu, zikawa 112, lakini nguvu ilianza kupatikana chini zaidi, kwa hiyo huhitaji kuipigisha kelele ndipo isogee.

205 ya kawaida ilitoka 1983, wakati Peugeot wakiwa na hali ngumu ya fedha, na ndiyo iliyowainua: zilitengenezwa zaidi ya milioni tano. GTI ya mwanzo ilikuwa na cc 1580 na farasi 105. Mwaka 1986 hiyo 1.6 ikapandishwa hadi farasi 115, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikaongezwa ndugu yake ya cc 1905 yenye farasi 130. Hiyo 1.9 inapita kilomita 200 kwa saa na inatoka sifuri hadi 100 kwa takriban sekunde nane. Muuzaji akianza kukusimulia ubingwa wa dunia wa rali wa 1985 na 1986, msikilize kwa adabu, kisha ukumbuke kwamba lile lilikuwa gari jingine. 205 Turbo 16 injini yake iko nyuma ya dereva na inavuta kwa magurudumu yote manne. Na hii unayotaka wewe injini iko mbele, inavuta kwa magurudumu ya mbele. Usilipe hata senti moja ya ziada kwa hadithi hiyo.

Sasa hilo la mtaroni. Ni kweli, lakini sababu wanayokupa karibu wote si yenyewe.

Watasema 205 inarusha mkia kwa sababu ni fupi. Chukua mkanda upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. 205 ina milimita 2,420. Golf ya kwanza ina 2,400. Golf ndiyo fupi, na Golf haina sifa hiyo ya kutupa watu. Kwa hiyo ufupi tuuweke kando, tuingie chini ya gari.

Nyuma ya Golf kuna mikono miwili iliyounganishwa na boriti moja ya chuma. Gari likilala kwenye kona, boriti hiyo inajipinda, na kule kujipinda kwake kunafanya magurudumu mawili yasaidiane. Ni kitu rahisi, imara, na kina huruma. Kwenye 205 kila gurudumu la nyuma lina mkono wake unaojitegemea, umeshikwa na mrija mnene unaokatiza chini ya gari. Springi za koili huzioni. Badala yake kuna fimbo za chuma zilizolazwa kutoka upande hadi upande, zinazosokotwa kila gurudumu linapopanda, kama mtu anavyokamua nguo. Hata shokapu zimelazwa, ndiyo maana buti la gari dogo vile ni pana na tambarare. Ubaya wake ni kwamba mkono wa namna hii unalala pamoja na bodi. Gari likiinama kwenye kona, gurudumu la nje linainama nalo, na uso wa tairi unaogusa lami unapungua wakati ule ambao unauhitaji zaidi. Peugeot walilijua hilo, wakaifanya nyuma iwe ngumu ili bodi isiiname sana.

Basi fikiria uko katikati ya kona na mwendo umezidi kidogo. Unashtuka, unaachia mafuta. Injini inakaba magurudumu ya mbele, uzito unakimbilia mbele, pua inang'ata lami kwa nguvu mpya na kutaka kuingia ndani ya kona. Nyuma imebaki nyepesi, ni ngumu, na tairi limesimama kwa pembe mbaya. Mkia unatoka. Golf nayo, ukiifanyia hivyohivyo, itakaza kona na kuinua gurudumu la nyuma la ndani hewani, lakini nyuma yake inatoka polepole na inakupa nafasi ya kurekebisha. 205 inatoka mara moja. Dereva anayeshtuka kwa mara ya pili na kukanyaga breki hapo ndipo anapoukuta mtaro.

Hiyo ni tabia ya gari lisilo na hitilafu. Nimegundua kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya simulizi za 205 kuua watu zinatoka kwa magari mabovu. Mambo mawili hasa. La kwanza ni matairi. Gari la mwisho wa wiki halimalizi kashata za matairi, kwa hiyo unakuta tairi lina miaka kumi na mbili, linang'aa, kashata zimejaa, na mpira umekauka kama ubao. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zisome kabla hujawasha injini. Na mazuri zaidi yawe nyuma, usikubali fundi akuwekee mapya mbele kwa hoja kwamba ndiko kunakovuta. La pili ni ekseli ya nyuma, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndipo pesa zako zilipo.

Ile mikono ya nyuma ya 205 inazunguka juu ya beringi za sindano, sindano nyembamba za chuma zilizopangwa kuzunguka shafti. Kuna sili za kuzuia maji. Sili zikichoka maji yanaingia, grisi inaisha, sindano zinapata kutu na kuanza kuchonga shafti. Dereva hasikii kitu, pengine mlio mdogo anapopita tuta. Miaka miwili mitatu baadaye magurudumu ya nyuma yanaanza kuinama, juu yakiingia ndani na chini yakitoka nje. Vijana wanaona gari limekaa kimichezo. Ukweli ni kwamba mikono imelegea ndani ya mrija, na gari la namna hiyo kwenye kona linabadilisha mawazo lenyewe. Mimi nilipata kununua moja ambayo muuzaji alinionesha risiti ya ekseli mpya. Nilipoifungua nikakuta gereji fulani ilitia beringi mpya juu ya shafti ileile iliyokwisha chongwa. Zilidumu msimu mmoja. Shafti ikichongwa hubadilishwa pamoja na beringi, na mara nyingi ni afadhali kununua ekseli nzima iliyokarabatiwa na mtu anayejua kazi hiyo. Ekseli ikiwa nzima na matairi yakiwa mapya, 205 inakuambia kila kitu kupitia usukani na kiti, mapema, kwa lugha ya wazi. Ndiyo raha yake yote. Sijaendesha gari la magurudumu ya mbele linalosema na dereva kuliko hili.

Sasa kwa nini 1.6? Katika 1.9 nguvu inakuja chini, giya ni ndefu, na pale nyuma kuna breki za diski wakati 1.6 ina za dramu. Kwenye karatasi 1.9 inashinda kila kipengele. Lakini injini ya 1.6 inapenda kukimbia. Giya zake ni fupi, kwa hiyo unazibadilisha mara nyingi zaidi, na gari la mwisho wa wiki raha yake ni hiyo kazi ya mikono na miguu. Pua ni nyepesi kidogo. Rimu zake ni za inchi 14 badala ya 15, tairi lina ubavu mnene zaidi, na mkia unapotaka kutoka unapata onyo la nusu pumzi zaidi. Kwa mtu anayejifunza, hiyo nusu pumzi ni kubwa. Na kwa kuwa watu wengi wanawania 1.9, mara nyingi 1.6 utaipata ikiwa na hali bora kwa pesa ileile. Wako watakaonipinga kwa hasira, nawajua, na wengine ni rafiki zangu.

Golf inakuhitaji uwe na jicho tofauti, kwa sababu adui yake ni kutu. Angalia mabawa ya mbele, vizingiti chini ya milango, na ukingo wa chini wa kioo cha mbele. Maji yakipenya pale kiooni yanashuka hadi kwenye boksi la fyuzi, na baada ya hapo taa zinawaka zinavyotaka zenyewe. Lakini kutu inayonitia huzuni zaidi haionekani kirahisi. Mrija unaopeleka mafuta kwenye tanki ni wa chuma, unapitia sehemu inayorushiwa matope na gurudumu la nyuma, na ukioza unadondosha magamba ndani ya tanki. Magamba yanafuata mafuta. Golf hii inatumia mfumo wa Bosch uitwao K-Jetronic, ambao hauna kompyuta. Hewa inayoingia inainua sahani, sahani inasukuma kijiti kinachoteleza ndani ya kigawanya mafuta, na nafasi ndogo mno zinafunguka kupeleka mafuta kwenye kila silinda bila kukatika. Ni kazi nzuri ya ufundi, ikiwa mafuta ni masafi. Uchafu kidogo tu na kijiti kinakwama. Halafu mwenye gari anabadilisha pampu, anabadilisha nozeli, anatukana Wajerumani, na chanzo chote ni mrija uliooza. Fungua kifuniko cha mafuta, mulika tochi ndani ya mrija. Ukiona magamba ya kahawia, punguza bei au ondoka.

Jambo jingine la Golf: likiwa la usukani wa kulia, hydrovaki ya breki, kile kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu, ilibaki kushoto, na pedali yako inaifikia kwa fimbo inayokatiza gari. Pedali inakuwa laini, unaikanyaga ukingoja. Si hitilafu, imezaliwa hivyo, lakini bushi za fimbo zikichakaa inazidi. Jaribu breki kabla hujajaribu mwendo. Na injini za mwanzo zikitoa moshi wa bluu unapoachia mafuta kisha kukanyaga tena, mara nyingi ni sili za valvu. Hiyo isikutishe, inatengenezeka. Bloku ya Golf ni ya chuma kizito na inavumilia mengi.

Bloku ya 205 ni ya aluminiamu, na silinda zake ni mirija iliyozungukwa na maji moja kwa moja. Kwa hiyo maji ya rejeta yasiwe maji matupu ya bomba hata siku moja. Weka kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu na uibadilishe kwa wakati, la sivyo aluminiamu inaliwa polepole kutoka ndani. Mfumo wake wa mafuta ni L-Jetronic, wenye kompyuta ndogo inayopima hewa. Ikiunguruma bila mpangilio ikiwa imesimama, anza na lile bomba la mpira kati ya kipima hewa na injini. Likipasuka mpasuko wa urefu wa ukucha, injini inavuta hewa isiyopimwa na kila kitu kinavurugika. Oili iwe juu daima, hasa kwenye 1.9, maana katika kona ndefu ya kasi oili inakimbilia upande mmoja wa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu inaweza kuvuta hewa. Bodi inaoza kidogo kuliko ya Golf. Plastiki za ndani ni hafifu, zitalia na zitavunjika, na hilo usiligombanie na mtu.

Sasa ile hali niliyokuahidi. Chukua Golf ikiwa utakuta ambayo bodi yake haijawahi kuchomelewa, mrija wa mafuta ni msafi, na injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Alama ya injini ya 1.6 ni EG, ya 1.8 ni DX, imegongwa kwenye bloku. Golf nyingi za kawaida zimevalishwa grili yenye mstari mwekundu na kuuzwa kama GTI, kwa hiyo herufi hizo zina thamani kuliko neno la mwenye gari. Golf ya namna hiyo ni adimu kuliko 205 nzuri, na ikipotea hairudi. Pia ni gari ambalo utamwazima mkeo au mdogo wako bila kukaa dirishani ukingoja. Kwa 205 herufi za kutafuta ni B6D kwa 1.6 ya farasi 115, na D6B kwa 1.9 ya farasi 130.

Siku ya kwenda kuliona, mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa mkono, iwe baridi. Iwashe wewe mwenyewe, iache ipate moto, ikanyage kidogo barabarani, kisha izime dakika kumi na tano na uiwashe tena. Golf yenye tatizo la shinikizo la mafuta itakataa wakati huo, ikiwa moto, na hicho ndicho muuzaji hapendi ukione. Na kama ni 205, isimamishe mahali tambarare, rudi nyuma hatua tano, chuchumaa hadi macho yalingane na bampa, upige picha ya magurudumu yote mawili ya nyuma. Nitumie hiyo picha kabla hujatoa malipo ya awali. Yakiwa yameinama ndani kwa juu, nitakuambia ni kiasi gani cha kukata kwenye bei. Yakiwa yamesimama wima, panda, na kwenye kona ya kwanza usiguse breki mpaka umenyoosha usukani.